SHEIKH RAMIYA WA BAGAMOYO: KUTOKA UTUMWANI HADI ULIWALI



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Wanafunzi wetu wapenzi, katika toleo hili tumeona ni vyema tuwakumbushe maisha ya mzee wetu ambaye jina lake mnalisikia tangu utotoni, lakini wengi wenu mkiulizwa alikuwa nani hasa, mnanyamaza. Huyo ni Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya.

Tumemchagua yeye kwa sababu maalumu. Wakati wa kuteua viranja wa madrasa, baadhi ya wanafunzi walinung'unika kuongozwa na mwenzao, eti kwa kuwa wazazi wake ni wa kuja na baba yake anabeba mizigo pale ufukweni. Hawakusema kwamba hajui kusoma wala hawakusema kwamba ana tabia mbaya. Kosa lake lilikuwa kwao tu. Sisi walimu tulihuzunika sana, kwani maneno kama hayo hayapaswi kutoka katika kinywa cha mtoto wa Bagamoyo. Someni kisa hiki nanyi mtaona kwa nini.

KUZALIWA NA KULETWA PWANI

Sheikh Ramiya hakuzaliwa Bagamoyo. Asili yake ni nchi ya Manyema, magharibi ya Ziwa Tanganyika, katika Kongo ya mashariki. Karne ya 19 misafara ilikuwa ikitoka huko na kupita Ujiji na Tabora hadi hapa kwetu, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Wapagazi walibeba pembe za ndovu, na pamoja nao waliswagwa watu waliotekwa. Yahya aliletwa kwa njia hiyo akiwa mtoto mdogo, akaingia katika nyumba ya Mwarabu mmoja wa hapa mjini, Amir bin Sulaiman al-Lamki.

Hebu fikirini, watoto wetu. Mtoto wa umri wa mdogo wako hana mama, hana baba, hana ndugu, na lugha ya watu waliomzunguka haijui. Hata jina la Abdallah tunaloliona baada ya jina lake lina maana ya mja wa Mwenyezi Mungu. Mji wa wakati ule ulikuwa na madaraja yake. Walikuwepo wenye nasaba na majumba ya mawe, na chini kabisa walikuwepo watumwa. Kijana kama yeye alikuwa na kila sababu ya kukata tamaa, au ya kuuchukia mji huu maisha yake yote.

KUTAFUTA ELIMU

Yahya hakukata tamaa. Alijifunza Kur'ani, kisha akaendelea kukaa mbele ya masheikh na kusoma elimu nyingine za dini. Baada ya kupata uhuru wake alijishughulisha na biashara ndogondogo, na baadaye akawa na mashamba ya minazi. Hakungoja kusaidiwa, wala mali haikumfanya aache kitabu. Akafikia daraja ya kusomesha, na watu wakaanza kuwaleta watoto wao kwake.

Aliingia pia katika tarika ya Kadiria, inayonasibishwa na Sheikh Abdulqadir Jilani wa Baghdad, na akawa khalifa wake hapa Bagamoyo. Katika dhikri zake walikaa pamoja watu ambao mitaani hawakuwa wakikaa pamoja: wenyeji na wageni, waungwana na waliokuwa watumwa. Wanafunzi wake walitoka hapa wakaenda bara kusomesha. Njia iliyomleta akiwa ametekwa, wao waliirudia wakiwa na elimu.

KUWA LIWALI

Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliuteka mji wa Bagamoyo kutoka kwa Wajerumani. Walipotafuta mtu wa kuwa liwali, yaani wa kuamua kesi za raia na kuwa kiungo baina yao na serikali, aliyeshika nafasi hiyo ni Sheikh Ramiya.

Hapa tunaomba mzingatie tarehe. Sheria ya kufuta kabisa utumwa katika Tanganyika ilitoka mwaka 1922. Maana yake ni kwamba mtu aliyeletwa mjini akiwa mtumwa alikalia kiti cha uliwali miaka 6 kabla utumwa wenyewe haujafutwa kisheria!

Huenda mwanafunzi akauliza: je, uliwali si ulikuwa kuwatumikia wakoloni? Swali hili ni la haki, na hatutalikwepa. Liwali alikuwa chini ya mkubwa wa Kizungu, na yapo mambo ambayo hakuwa na uwezo wa kuyakataa. Lakini tukumbuke kwamba Waingereza hawakumpa Sheikh Ramiya heshima. Walimkuta nayo. Watu walikuwa wakimwendea kwa masuala ya dini na ya dunia kabla Mwingereza hajatia mguu Bagamoyo. Cheo kilimfuata mtu ambaye tayari alikuwa anaongoza bila cheo.

KUFA KWAKE NA ALIYOYAACHA

Sheikh Ramiya alifariki mwaka 1931. Mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, alishika nafasi yake katika tarika, na kwa miaka mingi watu kutoka sehemu mbalimbali za nchi walikuwa wakija Bagamoyo kwa maulidi. Chama cha TANU kilipoanzishwa mwaka 1954, Sheikh Muhammad alikuwa miongoni mwa masheikh waliokiunga mkono, hadi Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Hivyo basi, mtoto wa mtu aliyekuwa mtumwa alishiriki katika kuikomboa nchi nzima.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Kwanza, nchi haijengwi na wenyeji wa asili peke yao. Hujengwa na kila anayeishi ndani yake na kuitakia kheri. Anayembagua mwenzake kwa kuwa ni wa kuja, ajue kwamba fahari ya mji wake mmojawapo alikuwa wa kuja.

Pili, mwanzo mgumu si udhuru. Wapo miongoni mwenu wanaosema hatuna vitabu, hatuna taa, wazazi hawana uwezo. Hayo ni kweli na tunayajua. Lakini fanyeni mnachoweza leo kwa kile mlichonacho leo.

Tatu, uongozi huanza kabla ya cheo. Anayefagia msikiti bila kuambiwa, anayemfundisha mdogo wake alifu na bee, anayesema kweli hata ikimuumiza, huyo ameshaanza kuongoza. Anayesubiri kwanza apewe cheo ndipo atende mema, hata akikipata hatatenda.

Nne, elimu ni ya kugawa. Sheikh Ramiya angaliweza kukaa na minazi yake akastarehe. Alichagua kusomesha, na ndiyo maana leo tunamtaja.

Na yule kiranja wetu, alhamdulillah, tulimthibitisha katika nafasi yake, na anaifanya kazi vizuri. Waliomnung'unikia tunawaomba wamtake radhi wao wenyewe, bila ya sisi kuwasimamia. Huo utakuwa mchango wao wa kwanza katika kuitengeneza nchi hii.

Tunamuomba Allah (S.W.) amrehemu Sheikh Ramiya na masheikh wetu wote waliotangulia, na atujaalie sisi na nyinyi kuwa wenye manufaa kwa dini yetu na nchi yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.