Joy Adamson: Mwalimu wa simba aliyeishi Naivasha

KANDO ya Ziwa Naivasha, upande wa kusini, ipo nyumba iitwayo Elsamere, ambayo sasa ni makumbusho na kituo cha elimu ya mazingira. Nyumba hiyo ilinunuliwa mwaka 1967 na Joy Adamson, mwanamke aliyeionyesha dunia kwamba mnyama aliyelelewa na binadamu aweza kufunzwa upya kuishi porini.

Alizaliwa Januari 20, 1910 mjini Troppau, katika himaya ya Austria na Hungary, akaitwa Friederike Victoria Gessner. Aliwasili Kenya mwaka 1937 na kupata sifa kwanza kwa kuchora mimea na sura za watu wa makabila mbalimbali. Mwaka 1944 aliolewa na George Adamson, afisa wa wanyamapori kaskazini mwa Kenya.

Mwaka 1956, George alimuua simba jike aliyemshambulia, kisha akagundua kwamba alikuwa na watoto watatu. Wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Mdogo kuliko wote, Elsa, alibaki nyumbani.

Malezi yake yalikuwa ya tuzo na makatazo. Alipofanya utundu alikutana na fimbo ndogo na sauti ya kukataza. Alipotulia alipata nyama na mapenzi. Wanasaikolojia, tangu Edward Thorndike alipochunguza paka mwaka 1898 na baadaye B.F. Skinner, wameeleza siri hiyo: tendo lenye kuleta tuzo hurudiwa, na lisilozaa kitu hufifia.

Hapo ndipo palipokuwa na kikwazo. Elsa alikuwa amejifunza kwamba chakula hutoka mkononi mwa binadamu. Alipojaribiwa kuachwa porini, alisubiri wenyeji wake huku akikonda. Wahenga hushauri samaki akunjwe angali mbichi, naye Elsa alikwisha kupita umri wa miaka miwili. Hata hivyo, katika pori la Meru, akina Adamson walimwacha peke yake kwa siku kadhaa, wakarudi na kuondoka tena, hadi mawindo yake mwenyewe yakawa ndiyo tuzo. Mwishoni mwa mwaka 1959 alizaa watoto watatu.

Kisa hicho, kilichochapishwa kitabuni mwaka 1960 na kufanywa filamu mwaka 1966, kilimpa Joy umaarufu mkubwa. Lakini somo lilikuwa na upande wa pili. Elsa alipokufa Januari 1961 kwa ugonjwa unaoenezwa na kupe, watoto wake walianza kuvamia mbuzi wa wanavijiji. Mbuzi ni tuzo isiyo na jasho, na kwa mwenye mbuzi hasara hiyo haikuwa hadithi tamu. Mmoja wao alichomwa mshale. Mwaka huo huo walinaswa na kuhamishiwa Serengeti.

Joy aliendelea na kazi hiyo kwa duma aitwaye Pippa, kisha kwa chui aitwaye Penny huko Shaba. Huko ndiko alikouawa Januari 3, 1980. Awali ilidhaniwa kwamba ameshambuliwa na simba. Uchunguzi ulionyesha kuwa ni mkono wa mtu, na mwaka 1981 aliyekuwa mfanyakazi wake alitiwa hatiani.

Majivu yake yalizikwa Meru, katika makaburi ya Elsa na Pippa.