Mwana wa Tewodros katika nyumba za watu

Huku Wote, na katika Ukambani kote kwa jumla, swali la mtoto ni wa nani lilikuwa na jibu lake hata kabla ya mahakama na vyeti vya kuzaliwa kutufikia. Mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto aliruhusiwa na mila kumwoa mwanamke mwenzake, aitwaye iweto, na watoto waliozaliwa na iweto huyo wakawa wa nyumba ile, wenye jina, shamba na ukoo. Hakuna aliyekaa kuwachunguza kama kweli ni Aombe au Atangwa wa damu. Mila hiyo ina kasoro zake, na mahakama zetu zimekuwa na kazi si haba ya kuamua nani arithi shamba la nani. Nimeitaja kwa sababu moja tu, kwamba mtoto aliyezaliwa katika nyumba hiyo alijua yuko kwao.

Mnamo Novemba 2014, Baraza la Mawaziri la Kenya lilipiga marufuku wageni kuasili watoto wa Kenya. Ubishi uliofuata ulikuwa mkali. Wapo waliosema kwamba serikali imewafungia mayatima mlango wa riziki. Wapo waliosema kwamba watoto walikuwa wakiuzwa kama mbuzi. Katika ubishi huo wote, sikusikia watu wengi wakiuliza maisha ya mtoto huwaje baada ya ndege kutua, shangwe za kumpokea zikishakwisha na mlango wa nyumba ngeni ukishafungwa. Kwa swali hilo nathubutu kuwarudisha walimu na wanafunzi katika karne ya 19, kwa mtoto wa jirani zetu Wahabeshi, ambaye historia yetu ya shule humpita bila hata kumsalimu.

Jina lake lilikuwa Alemayehu. Alizaliwa tarehe 23 Aprili 1861. Baba yake alikuwa Mfalme Tewodros wa Pili, aliyejitwalia taji la Uhabeshi mwaka wa 1855 baada ya kuwashinda watawala wa majimbo mmoja baada ya mwingine. Mama yake, Tiruwork, alikuwa binti wa mmoja wa watawala hao walioshindwa, Wube wa kaskazini. Ndoa ya namna hiyo haikosi baridi, na waliomwona malkia huyo walimtaja kuwa mwanamke mwenye majivuno, aliyependa Zaburi zake kuliko mazungumzo ya mumewe.

Kisa cha vita kinajulikana, nami nitakipitia kwa haraka. Mwaka wa 1862 Tewodros alimwandikia barua Malkia Victoria wa Uingereza kuomba urafiki. Barua haikujibiwa. Mfalme, aliyekuwa mwepesi wa hasira, akamtia balozi mdogo wa Uingereza gerezani pamoja na wamishonari na Wazungu wengine. Waingereza wakatuma jeshi kutoka Bara Hindi chini ya Sir Robert Napier, askari wapatao 13,000 pamoja na ndovu 44 wa kubeba mizinga, likashuka kwenye pwani ya Bahari ya Shamu na kupanda milima hadi ngome ya Maqdala. Ngome ilianguka tarehe 13 Aprili 1868. Tewodros alijiua kwa bastola ambayo ilikuwa zawadi kutoka kwa Malkia huyohuyo. Askari walipora makanisa na hazina: taji, misalaba, mamia ya vitabu vya ngozi vilivyoandikwa kwa mkono. Ndovu 15 na nyumbu karibu 200 walihitajika kuibeba nyara hiyo.

Mtoto naye akachukuliwa. Zilikuwa zimesalia siku kumi atimize miaka saba.

Waingereza walieleza kwamba baba mwenyewe alitaka mwanawe alelewe nao, na kwamba kumwacha kungekuwa kumwacha mikononi mwa maadui wa baba yake. Huenda ni kweli. Mama yake alikuwa pamoja naye safarini, lakini alikuwa mgonjwa wa mapafu, na mwezi wa Mei akafa njiani kabla ya kufika pwani. Hivyo, katika muda wa mwezi mmoja na siku chache, mtoto yule alipoteza baba, nyumba na mama. Nyanya yake mzaa mama alikuwa hai, na baadaye aliandika barua kuuliza hali ya mjukuu. Watu wa kumlea nyumbani hawakukosekana kabisa, basi. Waliokosekana ni wenye nguvu ya kumdai.

Aliyekabidhiwa mtoto alikuwa Kapteni Tristram Speedy, jitu la mtu lenye ndevu nyekundu. Zamani Speedy alikuwa amemtumikia Tewodros mwenyewe kama askari, akapewa jina la Basha Felika, akajifunza Kiamhari. Hilo la lugha ndilo lililomfaa mtoto kuliko ukubwa wa mwili wake. Katika meli iliyompeleka ng'ambo, na katika miezi ya kwanza huko Uingereza, Alemayehu hakukubali kuwa mbali na Speedy hata usiku. Alilala karibu naye, akashtuka usingizini kwa hofu, akamtafuta gizani. Mwalimu yeyote wa shule ya bweni amewahi kumwona mtoto wa namna hiyo katika muhula wa kwanza, na anajua kwamba dawa yake si blanketi la pili.

Mnamo Julai 1868 walipelekwa mbele ya Malkia Victoria katika kasri lake la Osborne, kisiwani Wight. Malkia alimpenda mtoto. Nisieleweke vibaya hapa: mapenzi ya mwanamke yule, kwa ushahidi wote tulio nao, hayakuwa ya uongo. Alimwulizia mara kwa mara, akamtetea mbele ya mawaziri, akagharimia mambo yake. Wakati huohuo mpigapicha mashuhuri Julia Margaret Cameron alimpiga picha akiwa amevaa mavazi ya kwao na shanga shingoni, na Speedy kando yake naye amevaa Kihabeshi. Katika picha hizo mtoto hatabasamu. Watazamaji wa leo husema kwamba huo ni uso wa huzuni; mimi nakumbuka pia kwamba kamera za siku zile zilimtaka mtu akae kimya muda mrefu, nami sithubutu kusoma mengi usoni pa mtoto aliyeamriwa asitikisike.

Desemba ya mwaka huo Speedy alioa. Mkewe, Cornelia, alikuwa wa familia ya Cotton ya kisiwa hichohicho. Bibi arusi, ndiyo kwanza aolewe, akajikuta ana mtoto wa miaka saba ambaye hakumzaa, anayeshtuka usiku, na ambaye dunia nzima inamtazama. Wakamchukua hadi Bara Hindi, ambako Speedy alipewa kazi ya polisi huko Sitapur. Miaka hiyo ndiyo ninayoiita miaka ya nyumbani. Palikuwa na mume, mke, mtoto, na mtu wa kusema naye lugha ya mama yake mezani. Kasri halikuwapo, wala mlezi wa kifalme. Ilikuwa nyumba ya afisa wa polisi katika mji wa joto na vumbi, na hakuna mahali katika maisha yake mafupi ambapo hofu ilimpungukia zaidi.

Kisha hesabu zikaingia. Gharama za kumlea zilikuwa zikitoka katika fedha za umma, na mwenye kulipa hupenda kuamua. Speedy alipopewa kazi nyingine huko Penang, serikali ya London iliona kwamba mwana wa mfalme hawezi kukulia katika vituo vya polisi vya Mashariki. Waziri wa Fedha, Robert Lowe, alishikilia kwamba apate masomo yanayostahili katika shule za Uingereza. Malkia alipinga kumtenganisha mtoto na Speedy. Hakushinda. Mtoto wa miaka kumi akang'olewa mara ya pili, safari hii bila vita, kwa barua rasmi na kwa nia njema.

Hapa ndipo nataka walimu wenzangu wasimame kidogo. Kwa kawaida tunalaani mizinga ya Napier, na tunafanya haki. Lakini kwa maoni yangu uamuzi wa mwaka wa 1871 ulimdhuru mtoto huyu kuliko ule wa 1868. Wa kwanza ulimkuta na jeraha lililokwisha kuwapo. Wa pili ulilitonesha jeraha ambalo mtu mmoja na mkewe walikuwa wamefaulu kulifunga, tena ulifanywa na watu waliokaa katika viti vizuri, wenye muda wa kutosha wa kufikiri. Walichouliza ni mtoto atasoma wapi. Hawakuuliza atamlilia nani usiku.

Alikabidhiwa kwa Thomas Jex-Blake, mwalimu mkuu wa shule ya Cheltenham, na mwaka wa 1874 mwalimu huyo alipohamia Rugby akaenda naye. Haikuwa nyumba mbaya. Ilijaa watoto, wengi wao wasichana, na ilikuwa na heshima ya elimu isiyo ya kawaida: dada yake Jex-Blake, Sophia, alikuwa mmoja wa wanawake waliopigania haki ya kusomea udaktari nchini Uingereza, na binti zake wawili baadaye walikuja kuongoza vyuo vya wanawake, mmoja Cambridge na mwingine Oxford. Alemayehu alipendwa na wenzake, akacheza vizuri uwanjani. Darasani alikuwa nyuma. Ripoti zilimlaumu kwa uzito wa akili, na waliozisoma hawakujiuliza inakuwaje mtoto aliyeanza na Kiamhari, akapitishwa Bara Hindi, akatiwa katika Kilatini na Kigiriki, awe sawa na aliyezaliwa na vitabu hivyo nyumbani. Walimu wa Ukambani wanaopokea watoto wa kuhamahama wakati wa ukame wanaifahamu ripoti ya aina hiyo. Wengine wetu tumeziandika.

Hakukuwa tena na mtu wa kusema naye Kiamhari. Lugha ikanyauka kinywani.

Nasita kidogo, maana kuna jambo la haki ambalo lazima nilitaje, lisije likaonekana nimelificha. Tewodros mwenyewe aliwahi kumchukua mtoto wa mwenziwe. Mwaka wa 1855, alipoishinda Shewa, alimteka mwana wa mtawala wa huko, mvulana mdogo, akamlea katika ngome hiyohiyo ya Maqdala, na hata akamwoza bintiye. Mvulana huyo ni Menelik, ambaye wanafunzi wetu wanamfahamu kwa ushindi wa Adowa mwaka wa 1896. Menelik alikaa mateka miaka kumi. Ila alilelewa katika lugha aliyoijua na kanisa alilobatizwa, na ilipofika 1865 alitoroka, akarudi Shewa kutawala. Alemayehu hakuwa na mlima wa kutorokea. Kati yake na kwao palikuwa na bahari, na idhini ya ofisi.

Inasimuliwa kwamba wakati mmoja alieleza kuwa anataka kurudi Uhabeshi. Wazo hilo lilizimwa upesi. Huko kwao alikuwa ametawala mfalme mwingine, Yohannes, na mwana wa Tewodros angeweza kuwa bendera ya uasi. Mwaka wa 1878 akapelekwa katika chuo cha maafisa wa jeshi cha Sandhurst, yeye ambaye jeshi hilo ndilo lililoivunja nyumba ya baba yake. Hakukaa. Mwaka uliofuata alikimbilia Leeds, kwa Cyril Ransome, mwalimu wake wa zamani, na jambo hilo lafaa kuangaliwa. Alipopewa nafasi ndogo ya kuchagua, kijana huyu alichagua nyumba ya mwalimu.

Huko alishikwa na baridi kali, ikageuka ugonjwa wa mapafu, kama ule wa mama yake. Akakataa dawa na chakula, akiamini kwamba anatiwa sumu. Alifariki tarehe 14 Novemba 1879 akiwa na umri wa miaka 18. Malkia aliandika katika shajara yake kwa majonzi makubwa kwamba kijana alikufa peke yake katika nchi ya ugenini, na kwamba hakuwa na raha maishani, akidhani daima kwamba watu wanamkodolea macho kwa sababu ya rangi yake. Sioni kwa nini tuseme alidhani tu.

Alizikwa Windsor, kando ya kanisa la Mtakatifu George, mahali pa heshima. Mwaka wa 2007 Rais wa Ethiopia aliomba mabaki yake yarudishwe. Mwaka wa 2023 Kasri la Buckingham lilieleza kwamba haiwezekani kuyatoa bila kusumbua mabaki ya wengine waliolala hapo. Septemba ya mwaka huohuo, katika hafla iliyofanyika London, Waethiopia walikabidhiwa shungi la nywele zake, lililokuwa limehifadhiwa katika familia kwa zaidi ya miaka 140. Halikutoka Windsor, wala Rugby, wala katika ofisi yoyote ya serikali. Lilitoka kwa ukoo wa Speedy.