Julia Bell: Mwanahisabati aliyefuata nyayo za X dhaifu

MAMA wa Kibarani, pale barabara ya Makupa inapotoka kisiwani Mombasa na kuingia bara, akijaaliwa mwana anayechelewa kusema, anayekwepa macho ya watu na kujiuma mikono kila kelele zinapozidi, huenda akasikia habari za majini na kijicho kabla ya mtu yeyote kumtajia kromosomu.

Miongoni mwa watu wa kwanza kuonyesha kwamba ulemavu wa akili wa aina hiyo huweza kurithiwa kupitia kwa akina mama wenye afya alikuwa Dkt Julia Bell.

Alizaliwa Nottingham, Uingereza, mwaka 1879. Alisomea hisabati katika Chuo cha Girton, Cambridge, enzi ambazo wanawake walifanya mitihani lakini wakanyimwa shahada. Yake aliipata Dublin mwaka 1907. Baadaye aliajiriwa na mtakwimu Karl Pearson mjini London, akasomea udaktari na kufuzu mwaka 1920, umri ukiwa umepita miaka 40.

Kazi yake ilikuwa kukusanya nasaba za jamaa zenye maradhi ya kurithi. Bibi zetu wa Pwani, wanaotaja ukoo hadi babu wa saba, wangemwelewa bila mkalimani. Hata hivyo, isifichwe kwamba maabara alimofanyia kazi ilianzishwa kwa fikra ya kuboresha kizazi cha binadamu, fikra iliyowatesa wengi wenye ulemavu.

Mwaka 1943, yeye na Dkt J. Purdon Martin walichapisha nasaba ya jamaa moja yenye wanaume 11 waliokuwa na ulemavu mkubwa wa akili. Mama zao walikuwa wazima. Mwanamume ana kromosomu X moja tu, hivyo ikiwa na kasoro hana akiba. Mwanamke ana mbili.

Bell alistaafu akiwa na miaka 86 na kufariki mwaka 1979, akiwa ametimiza karne. Miaka miwili baadaye jamaa ile ilipimwa upya, ikathibitika kuwa na X dhaifu. Jeni yenyewe, FMR1, iligunduliwa mwaka 1991.

Tiba ya kuondoa hali hii haijapatikana. Kinachosaidia ni mafunzo ya usemi yaanzayo mapema, ratiba ya siku isiyobadilika ovyo, mahali patulivu pa kusomea, na dawa za kupunguza wasiwasi, utulivu ukikosekana, au kifafa kikijitokeza. Nchini Kenya, vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu vilianza mwaka 1984.

Kipimo chenyewe ni cha damu. Mtoto akithibitika, daktari humuuliza mama kama ana dada, kwani nao huenda wamebeba jeni hiyo bila kujua, na baadhi yao wangali wanatarajia kuzaa.