Paul Robeson: Mwigizaji Aliyejifunza Kiswahili Ukubwani

Kila Sikukuu ya Jamhuri tunawasimulia watoto wetu habari za mashujaa wa uhuru wetu. Mwaka huu tunawaletea mmoja ambaye hakuzaliwa kwetu, ila alilipa gharama kubwa kwa kuitakia Afrika uhuru.

Paul Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 mjini Princeton, jimbo la New Jersey, Marekani. Baba yake alizaliwa mtumwa, akatoroka akiwa na miaka 15, akasoma hadi akawa mchungaji wa kanisa. Mama yake alifariki kwa ajali ya moto Paul akiwa na miaka 5. Mwaka 1915 kijana huyo alipata ufadhili wa kusoma Rutgers, akang'ara darasani na katika mpira wa Kimarekani. Mwaka 1923 alihitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia. Alipoanza kazi katika ofisi ya mawakili, karani mzungu alikataa kuandika maneno anayosomewa na mtu mweusi. Robeson akaiacha sheria, akashika jukwaa.

Hakuna kazi ya sanaa iliyomshinda. Katika filamu yake ya kwanza, Body and Soul ya mwaka 1925, aliigiza watu wawili: mhubiri mwovu na ndugu yake aliye mwema. Mwaka 1928 sauti yake nzito ya besi iliwavutia watu wa London katika mchezo wa Show Boat. Mwaka 1930 aliigiza Othello, tamthilia ya Shakespeare, katika jiji hilo hilo. Alipoiigiza tena New York kuanzia mwaka 1943, ilichezwa mara 296, na hakuna tamthilia ya Shakespeare iliyowahi kufikia idadi hiyo katika kumbi za Broadway.

London ndiko alikokutana na Afrika, kupitia wanafunzi na wanasiasa waliotoka makoloni. Mwaka 1934, akiwa tayari na jina kubwa, aliingia darasani katika Chuo Kikuu cha London kusoma lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwa mojawapo. Utumwa ulikuwa umewanyang'anya wazee wake lugha zao, naye akaamua kutafuta ukubwani kile ambacho hakupewa utotoni.

Wakati huo alikuwa akiigiza katika filamu ya Sanders of the River, iliyotoka mwaka 1935. Miongoni mwa Waafrika waliopewa nafasi ndogo ndogo humo alikuwamo Mzee Jomo Kenyatta, aliyekuwa akiishi London. Robeson alitumaini kwamba filamu ingeonyesha heshima ya mila za Kiafrika. Ilipotoka, iliusifu utawala wa wakoloni. Aliumia, akaikana hadharani, na baadaye akawa mkali katika kuchagua kazi.

Aliporudi Marekani aliongoza Baraza la Masuala ya Afrika, lililopinga ukoloni. Mwaka 1950 serikali yake ilimnyang'anya pasipoti. Ilimshuku kuwa mkomunisti, na katika hoja zake ilitaja pia kwamba alikuwa akipigania uhuru wa makoloni ya Afrika. Tusifiche kwamba aliisifu Urusi ya Stalin bila kusema hadharani juu ya dhuluma zake, na wengi hawakumsamehe kwa hilo. Lakini adhabu ilikuwa nzito: kumbi zilimfungia milango, na mapato yake yakaanguka. Mwaka 1957 aliwaimbia wachimba makaa wa Wales kwa simu kutoka New York, kama sisi tunavyohudhuria harusi na matanga ya nyumbani kwa simu.

Sisi tunaoishi Ghuba tunajua pasipoti ni nini. Ndiyo kazi, ndiyo mshahara, ndiyo njia ya kumzika mzazi. Robeson alikaa miaka 8 bila yake, na angeipata mapema kama angekubali kunyamaza. Alirudishiwa mwaka 1958, baada ya uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya watu wengine. Mwaka uliofuata akawa Othello tena, huko Stratford, Uingereza.

Kisha maradhi yakamwandama. Sisi wauguzi tunajua kwamba dhiki ya miaka mingi huuchosha mwili na akili pia. Alirejea Marekani Desemba 1963, mwezi ule ule Kenya ilipopata uhuru chini ya yule Kenyatta wa London. Alifariki Philadelphia tarehe 23 Januari 1976, akiwa na miaka 77.

Watoto wetu wa hapa Al Khuwair hushinda shuleni na Kiingereza na Kiarabu, na jioni tukiwasemesha Kiswahili hutujibu kwa Kiingereza. Tusichoke kuwasemesha. Robeson alilazimika kulipa ada na kukaa darasani apate maneno ambayo wao wanapewa bure mezani, pamoja na ugali.

Heri ya Sikukuu ya Jamhuri.