John Kirk

John Kirk (19 Desemba 1832 – 15 Januari 1922) alikuwa daktari, mtaalamu wa mimea na mwanadiplomasia kutoka Uskoti. Anafahamika zaidi kama konsuli wa Uingereza huko Zanzibar wakati wa Sultani Barghash bin Said, na kama mtu aliyelaumiwa kwa kuchelewa kwa mizigo ya David Livingstone kwenye njia ya misafara ya Tabora na Ujiji. Katika historia ya tiba anakumbukwa kwa jambo lingine: ndiye daktari aliyetambua kwamba sumu ya mishale iitwayo kombe hupunguza mapigo ya moyo.

Maisha ya awali

Kirk alizaliwa Barry, karibu na Arbroath, akiwa mtoto wa mchungaji. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh na kuhitimu mwaka 1854. Wakati wa Vita vya Krimea alihudumu katika hospitali ya Waingereza nchini Uturuki, ambako alitumia muda wake wa ziada kukusanya mimea.

Sumu ya kombe

Mwaka 1858 alijiunga na msafara wa Livingstone wa mto Zambezi kama daktari na mtaalamu wa mimea, akabaki nao hadi 1863. Katika bonde la mto Shire, ambao sasa uko Malawi na Msumbiji, aliwakuta wawindaji wakipaka mishale yao sumu ya mbegu za mmea unaotambaa, Strophanthus kombe. Kirk alichukua sampuli. Sumu kidogo ikagusa mswaki wake, naye alipopiga meno aliona ladha chungu, kisha akagundua kwamba mapigo ya mshipa wake yamepungua. Ilikuwa ajali tu, lakini ilimpata daktari aliyejua kuhesabu mapigo.

Huko Edinburgh Thomas Richard Fraser aliichunguza sumu hiyo kwa miaka mingi. Alitoa ndani yake strofanthini, na mwaka 1885 aliipendekeza kuwa dawa ya moyo. Dawa hiyo huzuia pampu ya sodiamu na potasiamu iliyo kwenye utando wa seli. Matokeo yake misuli ya moyo hujikaza kwa nguvu zaidi na mapigo hupungua kasi. Kipimo kikizidi kidogo, dawa hiyohiyo huvuruga mpigo na kuua, na hiyo ndiyo sababu iliwafaa wawindaji. Nchini Tanzania jamaa yake, Strophanthus eminii, nao hutoa sumu ya mishale.

Digoksini, inayofanya kazi kwa namna ileile, bado hutolewa kwa baadhi ya wagonjwa ambao moyo wao unapiga bila mpangilio. Tiba mpya zaidi hulenga utando huohuo kwa njia nyingine: mrija mwembamba hupitishwa mshipani hadi ndani ya moyo, kisha umeme wa muda mfupi sana hutoboa utando wa seli zinazoanzisha mpigo mbaya, hata zikafa bila kuunguzwa kwa joto.

Zanzibar na mizigo ya Livingstone

Kirk alifika Zanzibar mwaka 1866 kama daktari wa ubalozi. Mwaka 1870, konsuli Churchill alipoondoka, alikaimu nafasi yake. Kazi mojawapo ilikuwa kumpelekea Livingstone vitambaa, shanga na dawa kupitia Bagamoyo na Unyanyembe, yaani Tabora, mwendo wa takriban kilomita 800 kwa miguu kabla ya kuendelea Ujiji.

Mambo mengi yalikwenda vibaya. Kipindupindu cha 1869–1870 kiliua watu wengi Zanzibar na kando ya njia. Shehena moja ilifika Ujiji, lakini msimamizi wake, Sherifu, aliiuza yote akidai kwamba Livingstone amekufa. Wapagazi wa shehena nyingine, iliyotumwa Novemba 1870, walikaa tu Bagamoyo hadi Februari 1871. Kisha vita kati ya Mirambo na Waarabu wa Tabora vikaifunga njia ya kwenda Ujiji.

Henry Morton Stanley, aliyempata Livingstone huko Ujiji, alimshutumu Kirk hadharani kwa uzembe. Livingstone naye aliamini hivyo, akalalamika pia kwamba kazi ilikabidhiwa kwa mfanyabiashara Ludha Damji, ambaye aliwatumia watumwa kama wapagazi. Kuanzia Februari 1872 Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, akaondoka tarehe 25 Agosti baada ya kupokea watu waliotumwa na Stanley. Alifariki Mei 1873, na yeye na Kirk hawakuonana tena. Serikali ya Uingereza ilichunguza na kumwondolea Kirk lawama. Ni kweli kwamba hakuwa na uwezo juu ya vita wala ugonjwa. Lakini Bagamoyo iko jirani na Zanzibar, na miezi mitatu ni mingi.

Biashara ya watumwa

Tarehe 5 Juni 1873 Barghash, akitishwa kwamba kisiwa kitazingirwa na manowari, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga soko la Zanzibar. Misafara ikahamia nchi kavu, hivyo mwaka 1876 Kirk alimshawishi Sultani apige marufuku hata ile iliyotoka bara.

Mwaka 1885 Wajerumani walidai maeneo ya bara. London ilimwagiza Kirk amshawishi Barghash akubali, kinyume na maoni yake mwenyewe na baada ya miaka mingi ya kumwahidi Sultani urafiki wa Uingereza. Aliondoka Zanzibar mwaka uliofuata.

Miaka ya mwisho

Alishiriki mkutano wa Brussels wa 1889–1890 dhidi ya biashara ya watumwa. Alifariki Sevenoaks, Uingereza, akiwa na miaka 89. Kima punju wa Unguja (Piliocolobus kirkii) na digidigi wa Kirk (Madoqua kirkii) wamepewa jina lake.