Mkono wa Robert Schumann

Robert Schumann alizaliwa tarehe 8 Juni, 1810, katika mji wa Zwickau, Ujerumani. Baba yake alikuwa mchapishaji na muuza vitabu, kwa hiyo mtoto alikua akipenda fasihi na muziki kwa kadiri moja. Baba alifariki mwaka 1826. Mama, akihofu kwamba muziki haumlishi mtu, alimpeleka mwanawe Leipzig mwaka 1828 akasomee sheria. Huko ndiko alikokutana na Friedrich Wieck, mwalimu wa piano, aliyekuwa akimfundisha pia binti yake mwenyewe, Clara, mwenye umri wa miaka 8 tu.

Mwezi Aprili, 1830, Schumann alimsikia Paganini, bingwa wa fidla kutoka Italia, akipiga mjini Frankfurt. Tangu hapo sheria haikuwa na nafasi tena moyoni mwake. Wieck alimhakikishia mama kwamba katika muda wa miaka mitatu kijana angekuwa miongoni mwa wapiga piano wakubwa wa zama zile, na mwezi Oktoba mwanafunzi akahamia nyumbani kwa mwalimu. Alikuwa na miaka 20, umri ambao mabingwa wengi walikuwa wamekwisha kujulikana.

Basi katika nyumba ile moja walikuwamo wanafunzi wawili, na tofauti yao yafaa itazamwe na kila anayejiandaa kuwa mwalimu. Clara alifanya mazoezi kwa saa zilizopangwa, kisha baba yake akamtoa nje kutembea ili mwili uburudike. (Wieck alikuwa mkali kupita kiasi katika mambo mengine, wala simsifu kwa yote.) Schumann alikuwa na haraka. Akitaka kuvitia nguvu vidole vyake kwa njia ya mkato, alitumia kifaa cha kuvizoeza. Mwaka 1832 kidole cha kati cha mkono wa kulia kiliacha kumtii. Walijaribu pombe kali na dawa za mitishamba. Hata aliagizwa atie mkono ndani ya matumbo ya mnyama aliyechinjwa punde. Haikufaa kitu. Wako wanaolaumu kifaa, na wako madaktari wa siku hizi wanaodhani ulikuwa ugonjwa wa neva. Lililo wazi ni kwamba kuongeza bidii juu ya kidole kilichokwisha kulemaa hakukumponya.

Ajabu ni kwamba mwaka ule ule alitoa kazi yake ya tatu, iliyotokana na tungo za Paganini, na katika dibaji yake akaweka mazoezi ya kutayarisha vidole. Shauri lake ni jema mpaka leo: mpigaji ajitungie zoezi kutokana na ugumu ulio mbele yake. Mwanachuo wa Handeni au Korogwe apatapo nafasi ya kukalia kinanda, mara nyingi ni kwa muda mfupi, na kishawishi ni kuanza kwa kishindo. Ni heri atumie dakika tano za kwanza kuweka vidole vitano juu ya vibonyezo vitano vinavyofuatana, akibonyeza kimoja kimoja, polepole, kwa sauti ndogo, kiwiko na kifundo cha mkono vikiwa vimelegea. Kisha apige ngazi moja ya sauti, ile ya wimbo anaokusudia kuufundisha. Baada ya hapo achomoe mahali pagumu pa wimbo huo, labda hatua mbili za mkono wa kushoto, azipige peke yake mara chache kabla ya kuziunganisha na nyingine. Mkono ukiuma au ukikaza, aache.

Schumann aliacha ndoto ya kuwa mpigaji, akawa mtunzi. Mwaka 1834 alianzisha gazeti la muziki mjini Leipzig. Mwaka 1840, baada ya mashauri marefu mahakamani dhidi ya Wieck aliyewapinga, alimwoa Clara, ambaye mikono yake mizima ilizipeleka tungo za mumewe kwa wasikilizaji.

Mwaka 1848 alitunga kitabu cha nyimbo 43 za piano kwa ajili ya watoto. Za kwanza zilikuwa zawadi kwa binti yake mkubwa, Marie, alipotimiza miaka 7. Baadaye aliongeza kanuni kwa wanafunzi wachanga. Humo alikubali kwamba mazoezi ya vidole ni ya lazima, lakini aliwashangaa watu wanaoyarudia saa nyingi hadi uzeeni, akiwafananisha na mtu ashindanaye kuzitaja herufi upesi zaidi kila siku. Nani kati yetu hajaona darasa la kwanza likiimba alfabeti kwa mbio, na kitabu kimefungwa?

Akili yake iliugua. Mwezi Februari, 1854, alijitosa katika mto Rhine, akaokolewa, akapelekwa katika hospitali ya Endenich karibu na Bonn. Alifariki humo tarehe 29 Julai, 1856. Clara aliendelea kupiga hadharani hadi mwaka 1891, na tangu 1878 alifundisha Frankfurt. Marie alikuwa msaidizi wake huko, akiwatayarisha wanafunzi kabla hawajafika mbele ya mama yake.