Skues, wakili aliyepoteza mto wake kwa sababu ya nzi asiyeelea

KATIKA mito ya Hampshire, kusini mwa Uingereza, mwishoni mwa karne ya 19, mvuvi muungwana alifuata kanuni moja: nzi wake bandia sharti aelee juu ya maji. Aliyemzamisha alionekana kama mtu aliyefanya hila mchezoni. George Edward Mackenzie Skues aliipinga kanuni hiyo kwa miongo kadhaa, na mwishowe ilimnyima mto alioupenda kuliko yote.

Samaki wa ubishi huo ni trauti, yule yule ambaye Waingereza walimpandikiza katika mito ya milima ya Aberdare, Kenya, mwaka 1905. Chakula chake kikubwa ni nzi wa majini. Nzi hao hukua chini ya mto wakiwa tunutu, wadogo wasio na mabawa, kwa miezi mingi. Siku ikifika, tunutu hupanda hadi juu, ngozi hupasuka, na nzi mwenye mabawa huruka kwenda kuishi siku chache tu. Hatari kwake ni dakika zile za kupanda, kwa kuwa trauti humngoja hapo hapo, chini kidogo ya uso wa maji.

Skues alizaliwa mwaka 1858 Newfoundland, ambayo leo ni sehemu ya Kanada, akasoma Winchester, mji unaopitiwa na mto Itchen. Alikuwa wakili London maisha yake yote ya kazi na hakuoa. Kuanzia mwaka 1883 alivua Itchen, sehemu iitwayo Abbots Barton, yenye maji maangavu yatokayo kwenye miamba ya chokaa.

Mkuu wa uwanja huo alikuwa Frederic Halford, ambaye kitabu chake cha mwaka 1886 kilifundisha namna ya kufunga nzi wa kuelea: ndoana ndogo, uzi wa hariri, na manyoya magumu ya shingo ya jogoo yaliyozungushwa mara nyingi ili yasimame juu ya maji. Skues naye alianza hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, nzi wake mmoja aliyefungwa kwa unyoya laini alizama, na trauti aliyekuwa amekataa nzi wa juu akammeza.

Mwingine angesema ni bahati. Skues, kwa tabia ya wakili, alitafuta ushahidi. Alichukua kijiko chembamba cha kuchokolea uboho, akatoa vilivyomo tumboni mwa samaki aliowavua na kuvisuuza katika sahani nyeupe. Mara nyingi alikuta tunutu wengi kuliko nzi wenye mabawa. Akaanza kuwafunga: mwili mfupi wa manyoya ya mnyama, kifua kinene kidogo, na mzunguko mmoja au miwili tu ya unyoya mfupi laini uliosimama badala ya miguu. Kazi hiyo ni ya vidole na macho, na kosa la uzi mmoja huonekana.

Kitabu chake cha mwaka 1910 kiliandikwa kwa upole. Hakikumkataa nzi wa kuelea, kiliomba tu wa chini naye apewe nafasi pale samaki wanapokula chini. Upole huo haukuwatuliza wafuasi wa Halford. Halford alifariki mwaka 1914, lakini wanafunzi wakageuka wakali kuliko mwalimu, jambo ambalo si geni.

Februari 1938, Skues akiwa na miaka 79, chama cha wavuvi mjini London kiliitisha mdahalo kuhusu tunutu bandia katika mito hiyo. Wengi waliosimama walikuwa dhidi yake. Kule Abbots Barton nako wavuvi wenzake walilalamikia mbinu yake, na mwaka huo huo akauacha mto aliouvua kwa zaidi ya miaka 50. Akahamia mto Nadder, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu kizima juu ya tunutu.

Alifariki Agosti 1949, siku chache kabla ya kutimiza miaka 91. Majivu yake yalipelekwa Abbots Barton, kando ya Itchen.